Siku za Mapumziko: Karibu au Mbali?

Kila mtu afanyaye kazi hana budi kupumzika. Jembe lisilowekwa chini hata siku moja huisha upesi, na mkono ulishikao huchoka kabla yake. Mataifa mengi yameikubali kweli hiyo. Tangazo la Haki za Binadamu, lililotolewa mwaka 1948, lasema katika kifungu cha 24 kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika, na ya kupata mara kwa mara siku za likizo zenye malipo. Basi, kupumzika si uvivu. Lakini likizo ikiisha kutolewa, swali lingine lazuka: siku hizo zitumiwe wapi? Je, ni heri mtu akae karibu na kwao, ama aende nchi za mbali? Wengine hudhani kwamba swali hilo ni la fedha tu. Sivyo. Mtu achaguapo mahali pa kupumzikia, aonyesha ni kitu gani akipendacho, na ni watu gani awajalio.

Wazisifuo safari za mbali wana sababu njema. Wazee walisema: Tembea uone. Mtu asiyevuka kamwe mto wa kwao hudhani kwamba desturi zake ndizo desturi za watu wote, na kwamba jirani asemaye lugha nyingine hana akili. Akiwa mgeni ugenini, asiyejua njia wala bei ya chakula, hutegemea fadhili za watu asiowajua. Hapo hujifunza unyenyekevu; na akirudi kwake, humpokea mgeni kwa moyo mwingine.

Lakini chukueni mfano wa wafanyakazi wa Lubumbashi, mji mkubwa wa Katanga. Mpaka wa Zambia hauko mbali nao. Mwenye nafasi aweza kupita Kasumbalesa, akashuka kusini mpaka Livingstone, ayaone maporomoko ya mto Zambezi, ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi utoao ngurumo. Hapo mto wote, wenye upana wa mita zipatazo 1,700, waanguka shimoni kwa kimo cha mita 108. Ni ajabu kweli, na aliyekwenda kuitazama hakukosa.

Hata hivyo, kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, katika Katanga ile ile, ziko nyanda za juu za Kundelungu, zilizofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Huko mto Lofoi waanguka kutoka ukingo wa nyanda hizo kwa zaidi ya mita 300, ndiyo kusema karibu mara tatu ya kimo cha Mosi-oa-Tunya. Lofoi ni mto mwembamba, na wakati wa kiangazi maji yake hupungua sana. Haulingani na Zambezi kwa wingi wa maji. Lakini ni watu wangapi wa Katanga wanaolijua hata jina lake? Jicho lina ugonjwa huu: kitu kilicho karibu hulichosha kabla halijakitazama. Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa Afrika ya Kaskazini mwaka 354, aliustaajabia ugonjwa huo katika kitabu chake cha Maungamo. Aliona jinsi watu wanavyosafiri kutazama milima na bahari, na huku nafsi zao wenyewe, zilizo karibu kuliko vyote, hawazichungulii.

Basi, sikilizeni mfano. Palikuwa na ndugu wawili, wana wa mvuvi mmoja wa pwani ya ziwa Tanganika, upande wa Moba. Wote wawili walikuwa wakifanya kazi Lubumbashi. Mkubwa alikuwa na bidii na akiba. Kila mwaka, likizo yake ilipofika, alimpelekea baba yake nguo na sukari kwa mkono wa wasafiri, naye mwenyewe hakwenda. Mdogo, yeye, alirudi kijijini kila mwaka, na watu wakamsifu wakisema: Huyu hakumtupa baba yake, kwani mkataa kwao ni mtumwa.

Lakini mdogo alikuja kufanya nini? Tangu asubuhi alikaa chini ya mwembe na rafiki zake wakinywa lutuku. Mama yake mzee alimtekea maji ya kuoga. Nyavu za baba zilikuwa zimetoboka, wala hakuzigusa. Siku zake zilipokwisha, alikopa nauli kwa jirani, akaenda zake. Baba ndiye aliyelipa deni. Mwili wake ulikuwa karibu, lakini moyo wake haukufika.

Mwaka mmoja mkubwa alikwenda Livingstone. Aliposimama mbele ya maporomoko, mzee mmoja mgeni, mtu wa nchi ya mbali, alimwuliza atokako. Alipojibu kwamba yeye ni mtu wa Tanganika, mgeni akafurahi sana, akamwambia: «Basi umetoka penye ziwa ambalo hapana linalolipita kwa kina duniani, ila Baikal peke yake, lililo nchi ya Urusi. Niambie, kwenu mnasema nini juu ya ziwa hilo? Wazee wenu wanasimulia nini?» Yule kijana akakaa kimya. Alikuwa ameoga katika maji hayo tangu utoto, asijue kwamba kina chake kinafika mita 1,470, wala kwamba urefu wake wapata kilomita 670. Tena hakuwahi kumwuliza baba yake jambo lolote juu yake. Akaona haya. Ndipo alipoufahamu ujumbe aliokuwa akiletewa kila mwaka na wasafiri, asiutie moyoni. Baba yake alikuwa akisema: «Mwambieni mwanangu, nguo nimeziona. Yeye sijamwona.»

Je, mtu huyo hakumpenda baba yake? Alimpenda. Kwa nini basi hakwenda? Kwa sababu mara ya mwisho alipokwenda, hakupumzika hata siku moja. Kabla hajala chakula cha kwanza, ndugu walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja alitaka karo ya mtoto, mwingine mabati, mwingine baiskeli. Aliyepewa alilalamika kwamba amepewa kidogo. Aliyekosa alinong'ona kwamba kijana amekuwa na kiburi. Siku ya tatu mfuko ulikuwa mtupu, na siku ya nne hapana aliyekuja kumwamkia. Basi akaona moyoni mwake ya kuwa hapo hapendwi yeye, bali fedha zake. Watu wa nyumbani ndio waliomfukuza, ingawa hapana aliyemwambia: Ondoka.

Mwaka uliofuata alituma neno kwamba anakuja. Baba yake, aliyekuwa mtu wa busara, aliwaita ndugu wote akawaambia: «Mwanangu anakuja kupumzika. Asiombwe kitu mpaka juma la kwanza lipite. Mwenye shida ya kweli aje kwangu, nami nitamweleza mwanangu kwa wakati wake. Na kila nyumba imletee siku moja ya chakula, kwani hata mtu wa kwetu akitoka mbali ni mgeni.» Wengine walinung'unika, lakini walitii.

Kijana akaja. Baba na mwana walishona nyavu pamoja. Usiku walitoka mtumbwini, na baba alimfundisha majina ya pepo za ziwani, na mahali ambapo babu yake alizama kwa dhoruba, jambo ambalo mwana hakulijua. Juma lilipokwisha, alisikia shida za ndugu zake kwa utulivu, akatoa alichoweza, akasema wazi asichoweza. Alirudi kazini na nguvu mpya. Baada ya miaka miwili baba akafa. Mwana alilia, lakini hakuwa na neno la kujilaumu.

Kutoka mfano huo yafaa kukumbuka haya.

Swali: Je, ni vibaya kwenda kupumzika nchi za mbali?
Jibu: Si vibaya, mtu akiwa ameweka akiba, akiwa hakuwanyima watoto na wazazi haki yao, na akienda apate kuona na kujifunza. Yule ndugu mkubwa alifunguliwa macho ugenini. Ni vibaya kwenda kwa mkopo ili kuonwa na watu, kwa maana safari ya namna hiyo huisha kwa siku kumi, na deni lake hukaa mwaka mzima. Tena, mahali ambapo njia si salama, busara yakataza kwenda, hata kama ni karibu.

Swali: Je, kukaa karibu ni wema sikuzote?
Jibu: Hapana. Ndugu mdogo alikaa karibu, asimpumzishe mtu, wala yeye mwenyewe asipumzike. Karibu huwa kwema pale mtu anapotazama, anapouliza, na anapoushika mzigo mmoja wa nyumba.

Swali: Na mkulima, asiye na mshahara wala likizo, hayo yamhusu nini?
Jibu: Yamhusu sana. Kwanza, mavuno yakiisha naye ana siku zake za kupumzika. Aweza kwenda kuwaamkia wakwe, au kumwonyesha mtoto wake chemchemi ya mto wanaounywa. Pili, yeye ndiye mwenyeji. Wazee husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji amwonaye mgeni wake kuwa mfuko wa fedha, hataponywa naye. Atamfanya atafute nchi nyingine ya kupumzikia, na kijiji kitapoteza mwana.

Kwa hiyo, mtoto wa mjini asipoonekana miaka mingi, kijiji kisifanye haraka kusema amepotea. Kwanza kijiulize: Mara ya mwisho alipokuja, nani alimwuliza habari za afya yake kabla ya kumwomba kitu?