Minyororo ya Mkunazini na Maneno Tunayofundisha

Wahenga walinena: mwenye kovu usidhani kapoa. Huko Mkunazini, mjini Unguja, mahali palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, pana shimo, na ndani yake wamesimama watu watano wa saruji. Ni kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden, ya mwaka 1998. Shingoni wamefungwa minyororo, na minyororo hiyo si ya kuigiza. Ni ya enzi zile zile.

Yafaa tujiulize: je, ni haki kuwarithisha watoto uchungu ambao hawakuuonja? Wako wasemao kwamba yaliyopita si ndwele, na kwamba kidonda kinachochokolewa hakiponi. Hoja hiyo ina uzito, kwani wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza leo ni majirani, na pengine ni ndugu wa damu moja.

Hata hivyo, sisi walimu wa bara hatuwezi kuipokea hoja hiyo bila kujichunguza. Kiswahili kilitufikia kwa njia za misafara, kutoka pwani kupitia Tabora na Ujiji hadi Manyema. Na njia hizo hizo ziliteremsha pembe za ndovu na watu waliofungwa. Lugha yenyewe ina kovu. Twamfundisha mwanafunzi kwamba muungwana ni mtu mwenye adabu. Hatumwambii kwamba neno hilo lilimtenga mtu huru na mtumwa. Na mshenzi, katika kinywa cha mtu wa pwani, alikuwa mtu wa bara, yaani babu yetu. Leo twawatukania wanafunzi wetu neno lile lile alilotukaniwa yeye. Basi kunyamaza hakukuliponya kovu, kumelificha tu.

Atazamaye sanamu zile husimama juu, akawainamia waliofungwa, kama alivyosimama mnunuzi. Hapo ndipo lilipo funzo: twarithi machozi ya aliyeuzwa, na pia twaweza kurithi jicho la aliyenunua.

Lakini minyororo haikuwa mwisho wa habari. Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, alipata upadri wa Kianglikana mwaka 1890. Waliosalia walisoma, walifundisha, wakazaa.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tusiwarithishe watoto chuki wala usahaulifu. Tufundishapo neno, tufundishe na kovu lake.