Shuka Ziwani na Woga Wako

Mjukuu wangu, jana jioni ulipokuja kuniaga hukusema kwamba unaogopa. Ulisema barabara ni mbaya, ukasema tiketi imepanda, ukasema labda ungengoja mwezi ujao. Lakini nilikuwa natazama mikono yako. Kikombe cha chai ulikishika kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia mwanambuzi asitoroke. Nimezeeka hapa Kingi nikifuga ng'ombe, na mnyama mwenye hofu namjua kabla hajalia.

Usione haya. Sisi ni watu wa milima. Ziwa Kivu tunaliona kutoka juu, limelala kule chini kama bati jipya, na tangu utoto tumezoea kulitazama kwa mbali, kama tunavyoitazama Nyiragongo. Wajomba zako wa Walikale wana nafuu kidogo, kwa sababu wao huvuka Lowa na Oso kwa mtumbwi tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Ila mto una ng'ambo. Unaiona miti ya ng'ambo unaanza kuikaribia. Bato ya usiku kwenda Bukavu haikuonyeshi ng'ambo. Inakuonyesha giza, kilomita mia hivi za giza.

Nyanya yako marehemu, aliyekuwa Mnyanga, alikuwa akiwasimulia habari za Mwindo, yule mtoto ambaye baba yake Shemwindo hakutaka kuzaa mwana wa kiume. Walimfungia ndani ya ngoma wakamtupa majini. Ngoma haikumeza maji. Mwindo akasafiri humo humo chini ya mto akimtafuta shangazi yake Iyangura. Wewe ulikuwa mdogo, ukamuuliza nyanya: Je, Mwindo aliogopa? Akakujibu huku akipepeta maharage: "Alikuwa peke yake ndani ya ngoma. Hata angeogopa, nani angemcheka?" Sote tulicheka usiku ule. Mimi jibu lile nimelibeba mpaka leo, na ndilo linalonifanya nikuandikie, maana na wewe unaenda kwa shangazi, ila hutakuwa peke yako ndani ya ngoma. Utakuwa katikati ya watu mia mbili, na wote wana macho.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa mwaka 1974. Nilikuwa na miaka 19, na nilibeba fromaji nne za Masisi ndani ya kikapu. Kwa kuwa sikujua lolote, nilishuka chini kabisa karibu na motere, nikidhani kwamba kule ndani ndiko salama. Mjukuu wangu, harufu ya mazutu ikikutana na harufu ya fromaji, hata shetani anatoka! Kabla hatujaziacha taa za Goma nilikuwa nimekwisha kutapika mara mbili, mara ya pili juu ya kiatu cha mtu ambaye, namshukuru Mungu, alikuwa amelala.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Idjwi, amekalia magunia yake, na mananasi yamepangwa kumzunguka kama watoto. Aliniita kwa kidole. "We kijana wa ng'ombe, panda juu. Kaa katikati. Tafuta kitu kisichotikisika, ukikodolee macho." Nilimuuliza ni kitu gani kisichotikisika ziwani. Akanigeuza kichwa kwa mkono wake, kama mtu anayemgeuza mtoto amwoshe sikio. Nyuma yetu, juu ya Goma, anga lilikuwa jekundu. Ulikuwa moto wa Nyiragongo. Miaka ile ziwa la moto lilikuwa bado limejaa ndani ya mdomo wa mlima, kabla halijamwagika Januari 1977. Mlima ule ule uliotutia hofu nyumbani ndio ulionituliza tumbo. Niliutazama mpaka nikasinzia. Nilipoamka mama alikuwa amekwisha shuka, ameniachia nanasi moja kikapuni juu ya fromaji.

Basi kutapika si ugonjwa wala si aibu. Ni masikio yanabishana na macho, hayo tu. Kula kidogo kabla ya kupanda, ugali na sombe kiasi, usipande na njaa wala na kasiksi tumboni. Kaa juu, kaa katikati, mahali ambapo chombo kinapanda na kushuka kidogo. Tangawizi tafuna ukipenda. Mimi haijanisaidia kamwe, lakini shangazi yako anaiapia.

Sasa nikupeleke penye neno lenyewe. Watu watakwambia uondoe woga. Usiwasikilize. Woga ni mbwa wa nyumbani: anabweka ovyo usiku kucha, unamtukana, lakini siku mwizi akija kweli utashukuru hukumfukuza. Kinachoua watu kwenye ziwa letu ni aibu. Mtu anaona kabisa chombo kimejaa, moyo wake unamwambia shuka, halafu anawatazama wenzake wamekaa kimya, naye anakaa. Kila mmoja ndani yake anangoja mwingine ashuke kwanza.

Mimi nilishuka siku moja. Ilikuwa Kirotshe, siku ya soko, pirogi ya motere inakwenda Goma. Nilikuwa nimelipa, nimekaa, nimeweka gunia langu la viazi. Kisha wakaongeza maharage, wakaongeza mbuzi, wakaongeza mwanamume mmoja na kitanda chake. Nikaushusha mkono kando ya chombo kupima: kati ya ukingo na maji palikuwa na vidole vitatu. Vidole vitatu, na bado hatujaondoka, na maji yametulia kama mafuta. Nikasimama nikaomba kushuka. Watu walicheka! Mwenye pirogi akakataa kunirudishia pesa. Mmoja akapiga kelele kwamba mzee wa ng'ombe anaogopa kunawa miguu. Nikabeba viazi vyangu juu ya kichwa nikapanda barabarani.

Na unajua nini? Pirogi ile ilifika salama. Sitakudanganya ili hadithi iwe tamu. Ilifika, wakauza, wakarudi, na kwa miaka miwili nikipita sokoni waliniita Vidole Vitatu. Bado nasema nilifanya vizuri, na kesho ikinitokea tena nitashuka tena, na viazi vyangu kichwani.

Kwa sababu kuna zile ambazo hazikufika. Wewe unaikumbuka MV Merdi, maana ulikuwa Goma. Oktoba 3, 2024, ilitoka Minova. Barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita tangu mwanzo wa mwaka ule, basi watu, na mihogo yao, na maharage yao, wote walihamia majini. Chombo kilivuka maji yote yale kikapinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa sokoni wanakiona kwa macho yao. Gavana wa Kivu ya Kusini alitaja abiria 278, na maiti 78. Waliookoka walisema kilijaa kupita kiasi, na wala haikuhitaji kuwa mtaalamu kuliona. Miaka mitano nyuma, Aprili 2019, chombo kingine kilizama upande wa Kalehe, watu wengi wakapotea. Rais Tshisekedi alikwenda kuwapa pole wenyeji, akaagiza kila msafiri wa ziwani avae jile la kuokoa maisha. Agizo zuri. Ila majile mengi nimeyaona yamekaliwa kama mito, au yamefungwa kamba moja juu ya dari, yanangoja wakaguzi.

Kwa hiyo ukipanda, kabla ya kutafuta mahali pa kuweka begi, tafuta jile lako. Livae ungali bandarini. Kaza kamba zote, na ile ya kupita katikati ya miguu usiidharau, maana bila hiyo jile linapanda usoni na wewe unabaki chini. Vijana wenzako watakutazama. Waache. Na hizo bote zako za matope, ambazo nakujua huvui hata kanisani, zivue uziweke kwenye mfuko; bote ikijaa maji ni jiwe. Vaa sapatu. Hujui kuogelea, na mimi sijui. Robo tatu ya watu utakaosafiri nao hawajui, ingawa wanazungumza kama samaki.

Tena usiingie ndani ukakaa mahali ambapo mlango wa kutokea huuoni. Na mkikaribia Bukavu, taa zikitokea kwenye zile rasi zake tano zilizonyooka majini kama vidole, watu wote watainuka pamoja na kukimbilia upande wa gati, kila mtu na begi lake, kana kwamba mji utahama. Wewe kaa. Chombo kinapinduka kirahisi zaidi watu wake wakiwa wamesimama upande mmoja. Shuka wa mwisho. Shangazi atangoja.

Umeniuliza pia kuhusu gesi ya ziwani, ukijifanya ni swali la shule. Ni kweli ipo. Methani na kaboni dioksidi zimelala chini sana, zimekandamizwa na uzito wa maji, na kule upande wa Rwanda wanaivuta methani wanafanyia umeme. Wataalamu wana sababu ya kulilinda ziwa hili, lakini gesi ile si kitu cha kumngoja msafiri mmoja usiku. Ziwa lina kina cha mita 485 pale penye kina zaidi, na wapo wanaokufa kwa hofu ya hizo 485 wakati mtu huzama katika mita tatu. Mamba hakuna. Kuna samaki, sambaza, na hao utawala mwenyewe.

Lakini gesi moja iogope kweli: mazuku. Hiyo haiko ndani ya maji, iko nchi kavu, kwenye vishimo na mabonde madogo ya mawe ya volkano kuanzia Goma hadi Sake, pale Bulengo na kwingineko. Ni gesi nzito kuliko hewa, haionekani, inakaa chini shimoni kama maji. Utaona mbuzi amelala vizuri kabisa, hana jeraha, amekufa. Mtu akikosa chombo cha jioni huona kibonde chenye majani laini, kimekingwa upepo, anasema nitajilaza hapa mpaka alfajiri. Hapana! Ukikosa bato, lala kwa watu, au kaa umeegemea ukuta mahali palipoinuka, hata kama mvua itakulowesha.

Upepo nao una majira yake. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane upepo wa kusini huvuma, na ziwa hilo unaloliona bati jipya huota pembe. Ukifika bandarini ukawaona wavuvi wamevuta vyombo vyao nchi kavu saa za jioni, badala ya kutoka, usimwulize karani wa tiketi hali ya hewa. Karani anauza tiketi. Mvuvi ana mke na watoto kwenye kilima kile pale, naye hakutoka.

Ziwa likiwa tulivu, basi utaona jambo ambalo mimi mwaka 1974 sikuliona. Hao sambaza waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, na uvuvi wao ulikomaa baadaye, nilipokuwa nimekwisha oa. Siku hizi wavuvi hutoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu iliyochomoza mbele na nyuma kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Wanapiga kasia wakiimba, mmoja anaongoza na wengine wanamwitikia, halafu giza likiingia wanawasha taa ili kuwaita samaki. Kutoka juu ya bato inaonekana kama mji umejengwa juu ya maji. Utapita katikati ya mji huo kati ya Idjwi na pwani ya Kalehe. Nakuomba usiwe umelala saa hiyo, wala usiwe unaitazama simu.

Fromaji za shangazi nimezifunga kwenye majani ya migomba na kitambaa. Ziweke juu, kwenye hewa, usishuke nazo karibu na motere. Unajua kwa nini.

Mimi, asubuhi ile niliposhuka Bukavu, ardhi haikutaka kutulia. Nilitembea hatua kumi nikashika ukuta wa duka moja karibu na bandari, nikausukuma kama vile ukuta ndio ulikuwa unaanguka. Mwenye duka akatoka, akanitazama kuanzia kofia hadi miguu. "Unatoka Goma na bato?" Nikasema ndiyo. Hakuniuliza zaidi. Aliniletea kigoda, akarudi ndani kupima sukari, nami nikakaa pale, kikapu magotini, nikingoja barabara iache kuyumba.