Mbuni, Tumbusi na Swali la Mama Mmoja

Katika sura ya 39 ya kitabu cha Ayubu wamo ndege wawili ninaowaona mara kwa mara nikiwapeleka wageni Serengeti. Mmoja ni mbuni. Mwingine ni yule tai akaaye majabalini na kufika palipo na maiti. Kwa tabia hizo mimi namwona tumbusi. Huyu anatajwa kwa fahari. Mbuni anasemwa kwamba huyaacha mayai yake mavumbini, na kwamba Mungu alimnyima hekima.

Tulipoisoma sura hiyo kwenye jumuiya yetu, mama mmoja mwenye mtoto asiyesikia aliuliza: kumbe Mungu huwanyima viumbe wake kwa makusudi? Kiongozi akataka tuendelee na mstari unaofuata. Mimi sikukubali.

Mtazame tumbusi kwanza. Mwaka 1973 tumbusi aina ya Rüppell aligongana na eropleni juu ya Abidjan, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi. Damu yake hunasa oksijeni hata pale hewa ilipo hafifu mno. Lakini akishatua kwenye mzoga wa nyumbu, anarukaruka kwa taabu, na miguu yake haina nguvu ya kukamata wala kubeba kitu. Nyama ya kinda lake huko kwenye milima ya Gol huisafirisha kooni, akaitapike kiotani. Na kinda lenyewe ni moja tu.

Mbuni ana kilo mia na zaidi, na kifua bapa kisicho na ule mfupa uliochongoka ambao misuli ya kurukia hujishikiza. Mguu una vidole viwili tu, kimoja kina ukucha mnene kama kwato, na kwa miguu hiyo hufikia kilomita 70 kwa saa. Jicho lake, karibu sentimita 5, ni kubwa kuliko la mnyama mwingine yeyote wa nchi kavu.

Na hayo mayai? Majike kadhaa hutaga katika shimo moja, kisha hubaki jike mkuu pamoja na dume. Jike huyo huyapanga mayai yake katikati na kuyasukuma ya wenzake pembeni, ambako mwizi hufika kwanza. Mchana hulalia yeye, mwenye rangi ya vumbi. Usiku hulalia dume, mweusi kama walivyo madume wa mbuni waliokomaa. Ukipita mbali utaapa kwamba mayai yametelekezwa. Naamini Mungu alimsemesha Ayubu kwa yale ambayo mpita njia huyaona, kisha akamgeuzia: mbuni huyo huyo akiinuka, humcheka farasi na ampandaye. Katika sura nzima farasi peke yake ndiye anayemtumikia binadamu, na ndiye anayechekwa.

Kwa hiyo nilimwambia yule mama ninachokiamini kabisa: mbuni hakutenda kosa lolote hata akakosa kuruka, na mwanawe hali kadhalika. Sikumwambia kwamba mtoto amefidiwa kwa kipaji kingine, maneno ambayo watu huyasema upesi mno. Mbio za mbuni si fidia ya mabawa. Ni mbio zake.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mzee, mbuni anajua kwamba haruki?"

Nikasema sidhani.

"Mwanangu anajua. Anaambiwa kila siku."

Hapo ndege walikuwa wamefika mwisho wa msaada wao, tukamrudia Ayubu mwenyewe. Naye alikuwa anaambiwa kila siku, na rafiki zake watatu, kwamba hali yake ina sababu ndani yake. Nikamfungulia sura ya 42, aone mwenyewe hasira ya Mungu inawaka juu ya nani: juu ya wale watatu. Na Ayubu ndiye anayetakiwa kuwaombea.