Mkaguzi Aliyehamia Kodi

Mwaka 2024 mkaguzi wa hesabu mmoja wa Dar es Salaam aliamua kuachana na ukaguzi na kuingia upande wa kodi. Jina lake tuliache, na hesabu zake nimezirahisisha ili zifuatike bila kikokotoo. Alikuwa na CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, na miaka sita katika kampuni ya ukaguzi. Msimu ulikuwa umemchosha, ile miezi ya Januari hadi Aprili ambapo kila mteja aliyefunga vitabu tarehe 31 Desemba anataka ripoti yake itoke kwanza. Tena kodi ilikuwa imemvutia tangu alipoanza kupewa mafaili ya kodi za wateja ayakague. Sababu zake hazikuwa na kasoro. Kilichomgharimu ni bei aliyoitaja alipoulizwa anatarajia kulipwa kiasi gani. Aliulizwa katika ofisi mbili; ya kwanza akataja kubwa mno, ya pili ndogo mno.

Tuanze na ile kubwa. Mshahara wake ghafi kwenye ukaguzi ulikuwa shilingi 2,000,000. NSSF ilikata asilimia 10, yaani 200,000. PAYE hukokotolewa kwenye kinachobaki: kwa viwango vya mwaka ule, mwenye 1,800,000 alilipa 128,000 kwa milioni ya kwanza na asilimia 30 ya kilichozidi, jumla 368,000. Deni la chuo lilikuwa bado halijaisha, hivyo Bodi ya Mikopo nayo ikakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 300,000. Mkononi zikabaki 1,132,000.

Lakini yeye hakujiona mtu wa 1,132,000. Alijiona mtu wa 2,300,000, kwa kuwa ndicho kiasi alichokishika Februari, mwezi wa safari za Mwanza na Mbeya. Mwanza alilala kwa shangazi yake Nyegezi, hela ya malazi ikabaki yote. Mwenzake wa ofisini akamtia moyo wakiwa kwenye chakula cha mchana: "Shoga yangu, hakuna anayehama kazi bila kuongeza asilimia 30. Una CPA, unaogopa nini?" Akaongeza. Siku ya usaili, mama aliyekuwa mkuu wa idara ya kodi alipomuuliza matarajio yake, alijibu bila kusita: "Milioni 3 mkononi, mama."

Wakaandika, wakamshukuru. Barua ya kumkatalia ilikuja muda si mrefu baadaye.

Tuipige hesabu ambayo yeye hakuipiga. Mtu anayekatwa na Bodi ya Mikopo, ili apeleke milioni 3 nyumbani, anahitaji mshahara ghafi wa karibu 5,900,000. Juu yake mwajiri anatoa asilimia 10 nyingine ya NSSF, tozo ya kuendeleza ufundi stadi ambayo mwaka ule ilikuwa asilimia 3.5, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hizo peke yake zinavuka 800,000. Kwa hiyo walichokisikia waliokaa upande wa pili wa meza ni zaidi ya milioni 6.7 kila mwezi, kwa mtu ambaye hajawahi kuandaa ritani hata moja. Na aliyesema hivyo ni mhasibu! Linaniuma kuona watu wanaokokotoa mishahara ya viwanda vizima wakiweka kalamu chini pale mshahara unapokuwa wao.

Posho ya safari ni fedha ya kula na kulala ukiwa mbali na kituo chako cha kazi. Ukiibana ikabaki, ni haki yako, lakini haijawahi kuwa mshahara, na mwajiri mpya hana sababu ya kukulipa fidia ya safari ambazo hutazifanya. Kazi nyingi za kodi zinafanyika mezani. Anayetoka kwenye ukaguzi inampasa aitenge posho na mshahara kabla ya kutaja namba yoyote, kisha aangalie kwa macho makavu kama maisha yake yanaendeshwa na mshahara au na posho. Yeye kodi ya nyumba alikuwa anailipa kwa mshahara. Ada ya mdogo wake wa chuo ilitoka kwenye posho. Hilo alilitambua amekwisha kuhama.

Ile barua ilimvunja moyo. Ofisi ya pili ilikuwa ndogo, na mkurugenzi alimsaili mwenyewe. Swali lilipofika, akasema: "Mimi nataka kujifunza tu, bosi. Chochote mtakachonipa nitashukuru." Akapewa 1,500,000. Alipotoa makato yote, mkononi zilibaki 892,000, pungufu kwa 240,000 ya alichokuwa akikipata kabla hata ya kuhesabu posho zilizokufa. Alisaini.

Wengi humhurumia kwa namba ya kwanza. Mimi namhurumia kwa hii ya pili. Bei kubwa mno ilimkosesha kazi moja, basi; bei ndogo mno ilimfuata kila mwezi, kwa sababu nyongeza za mwaka hupigwa juu ya mshahara ulioanza nao. Ofisi ile ilikuwa ikitoa asilimia 5 kwa mwaka. Asilimia 5 ya 1,500,000 ni 75,000, na baada ya makato yake ni 36,000. Kwa mwendo huo angehitaji nyongeza sita kuifikia tena milioni 2 aliyokuwa nayo alipoondoka kwenye ukaguzi. Miaka sita ya kurudi pale pale, bei za vitu zikiwa zimeshapanda.

Namba zote mbili zilikuwa na kasoro moja. Ya kwanza aliipata kwa kuhesabu posho zake, ya pili kwa kusikiliza hofu yake, na hakuna siku aliyokaa kuitazama kazi yenyewe: ipi kati ya shughuli za kule anaweza kuifanya peke yake kesho asubuhi, na ipi hawezi. Fundi aliyezoea injini za petroli akihamia dizeli haanzi kujifunza kushika spana, lakini pampu ya dizeli lazima aonyeshwe.

Alichokuwa nacho kilikuwa kikubwa. Alijua kusoma taarifa za fedha na kuona panapofichwa jambo. Alikuwa amekagua kodi iliyoahirishwa kwa kiwango cha IAS 12 mwaka baada ya mwaka, eneo ambalo baadhi ya watu wa kodi hulikwepa. Alijua kuusuluhisha mzani wa hesabu na kile kilichoandikwa kwenye ritani, na kuweka ushahidi wa kila namba kwenye faili. Ujuzi huo una bei yake hata kwa mgeni wa kodi.

Alichokosa nacho hakikuwa kidogo. Mkaguzi analelewa na dhana ya kiwango cha umuhimu: tofauti ikiwa chini ya kiasi fulani, inapita. Kodi haina mlango huo. Kodi ya zuio ya asilimia 5 isiyokatwa kwenye ankara moja ndogo ya huduma bado inadaiwa, na riba yake inakimbia. Mkaguzi huja mambo yameshatokea na kuuliza. Mtu wa kodi huulizwa kabla, na jibu lake ndilo mteja analolifuata. Tarehe nazo hazina huruma: PAYE tarehe 7 ya mwezi unaofuata, VAT tarehe 20. Pingamizi dhidi ya makadirio ya TRA linapaswa kuingia ndani ya siku 30, na ili lipokelewe mteja hulipa kodi asiyoibishia au theluthi moja ya iliyokadiriwa, ipi kubwa. Mambo haya hayajifunzwi kwa kukagua faili la mwenzako. Mwajiri anayekupunguzia kidogo kwa sababu hiyo hajakuonea.

Angeyapanga haya kwenye karatasi, namba ya katikati ingejitokeza: asishuke chini ya 2,000,000 ghafi, na yaandikwe kwenye mkataba makubaliano kwamba mshahara utatazamwa upya baada ya miezi sita, kwa kipimo kinachoonekana, mathalani akiweza kuandaa ritani ya kampuni ya mwaka mzima na kuandika pingamizi bila kuandikiwa. Angetaja mshahara ghafi, maana makato yake ni yake na mwajiri hajui deni lake la chuo. Angeuliza pia ada za NBAA na semina za lazima zinalipwa na nani, na kama kazi ni ya kujaza ritani kila mwezi au ya ushauri na mashauri, kwa kuwa hizo ni kazi mbili zenye bei mbili.

Walio serikalini wana kinga kidogo hapa. Mtumishi wa umma akibadilishwa kada hata akaanzia cheo cha chini, anaweza kuombewa abaki na mshahara wake wa zamani kama mshahara binafsi. Kwenye sekta binafsi hakuna anayekuombea. Karatasi uliyosaini ndiyo kanuni yako.

Kazini mambo yalikwenda haraka kuliko alivyodhani. Mteja mmoja wa ofisi, mwenye kiwanda, alipokea makadirio yaliyotokana na tofauti kati ya mauzo ya kwenye vitabu na yale ya kwenye ritani za VAT. Wenzake walianza kutafuta vifungu vya sheria. Yeye aliomba daftari la mauzo, akalisuluhisha mwezi kwa mwezi, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti ni ankara zilizofutwa na malipo ya awali yaliyoingizwa mara mbili. Pingamizi likajengwa juu ya kazi yake. Baada ya hapo mafaili mazito yakawa yanatua mezani kwake. Alipokwenda kuomba mshahara utazamwe upya, mkurugenzi alimjibu kwa upole kabisa: "Binti yangu, kiwango hiki ulikikubali mwenyewe."

Ni kweli alikikubali. Hata hivyo mkurugenzi naye alipiga hesabu ya mwezi akaisahau ya mwaka. Haukupita muda kiwanda kingine kikamchukua binti yule kwenye idara yake ya kodi, kwa mshahara aliouandika mwenyewe kwenye barua ya maombi, ghafi, na maelezo ya kila kipande cha kazi anachokibeba. Alitoa notisi pingamizi jingine likiwa limebakiza siku kumi na moja kufikia ukomo, na ofisini hakukuwa na mwingine aliyeujua usuluhisho wake. Mkurugenzi alilazimika kukodi mtu wa nje, anayelipwa kwa saa.