Aibu Iliyo Chini ya Rangi

Anayenunua trekta kuukuu hununua pamoja nalo miaka ambayo yeye hakuiona: mikono iliyolishika, oili liliyotiwa au kunyimwa, mashamba liliyolimia, na siku lilizokwama likavutwa kwa minyororo, na kwa kuwa miaka hiyo haionekani sokoni, kuuliza ni nani anayepaswa kuieleza, na kwa kiasi gani, ni swali la dini na maadili kabla halijawa swali la ufundi. Swali hilo linawahusu hasa watu wa Shika Adabu, wadi ya Likoni iliyo kusini mwa kivuko cha Mombasa, ambako si wachache wenye shamba la urithi upande wa Kwale, kama vile Ng'ombeni, Matuga au Tiwi, na shamba lenyewe mara nyingi si uwanja mtupu bali ni ardhi ya minazi, mikorosho na miembe mikongwe, yenye visiki vilivyofunikwa na nyasi na mizizi inayopita chini kwa chini. Trekta litakaloingia humo halichaguliwi kama lile la tambarare ya ngano, na anayeliuza akijua linakokwenda anabeba wajibu ambao stakabadhi ya malipo haiutaji.

Lugha ya Kiswahili imehifadhi msamiati wa suala hili kwa namna inayostahili kuangaliwa. Neno aibu, ambalo katika mazungumzo ya kila siku lina maana ya fedheha, linatokana na neno la Kiarabu ambalo wanazuoni wa fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, hulitumia kwa kasoro yoyote ya bidhaa inayopunguza thamani yake au kuharibu lengo la kununuliwa kwake. Hiari, ambayo kwa kawaida ni uamuzi wa mtu kwa ridhaa yake, ina asili moja na istilahi inayotaja haki ya mnunuzi au muuzaji ya kuuthibitisha mkataba au kuuvunja; na hiari ya aibu ni haki ya mnunuzi kurudisha alichonunua na kurejeshewa bei yake, iwapo atagundua kasoro iliyokuwamo kabla hajakabidhiwa. Kughushi, ambalo leo husikika zaidi mahakamani kwa habari za hati za kubuni, ni neno la asili ileile iliyomo katika hadithi mashuhuri aliyoipokea Muslim, inayosimulia jinsi Mtume alivyotia mkono wake katika lundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta umajimaji chini ya nafaka kavu, naye akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka juu sehemu iliyoloa watu wakaiona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Mtu wa Pwani anapotamka maneno haya matatu anatamka nusu ya mlango wa biashara katika vitabu vya fikihi, hata kama hakuwahi kuvifungua.

Lundo lile la nafaka lina mfano wake kamili katika trekta. Ekseli ya mbele iliyopasuka kwa kugonga kisiki huchomelewa, mahali pa kuchomelea husuguliwa, kisha trekta zima hupakwa rangi mpya nyekundu, na mnunuzi hukuta chombo kinachong'aa, huku ufa wenyewe umebaki chini ya rangi kama unyevu ulivyobaki chini ya nafaka. Haidhuru kwamba rangi si haramu na kuchomelea si haramu. Kinachohukumiwa ni mpangilio, kwa maana ya kuweka kizuri juu na kibaya chini ili jicho litosheke mapema. Injini iliyowashwa na kupashwa moto saa nzima kabla mnunuzi hajafika, ili asijue kwamba asubuhi haiwaki bila kusukumwa, imo katika hukumu hiyohiyo, na vivyo hivyo saa ya dashibodi inayohesabu muda wa kazi, ikiwa imerudishwa nyuma.

Ugumu wa kweli huanza pale muuzaji asipoficha lolote, ila anatamka kwamba analiuza kama lilivyo na kwamba hatajibu aibu yoyote itakayozuka. Kauli hiyo ni ya kawaida katika masoko ya vyombo vya mtumba, na watu huichukulia kama ufunguo unaofunga kila mlango wa lawama. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, hayakuikubali kwa wepesi huo. Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha Minhaji kimekuwa tegemeo la madhehebu hayo, anaeleza kwamba kauli yenye nguvu zaidi ni kuwa sharti la kujitoa humwokoa muuzaji na aibu ya namna moja tu, nayo ni aibu ya ndani, iliyo katika mnyama, na ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Sababu inayotolewa ni kwamba mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, na hali yake hugeukageuka, hivi kwamba ni nadra kumpata asiye na kasoro iliyojificha, na kumtaka muuzaji adhamini kila kilichomo ndani ya kiumbe wa namna hiyo ni kumtaka ajue yasiyojulikana.

Je, trekta kuukuu ni mnyama au ni bidhaa? Swali hili halina mzaha ndani yake. Injini nayo hunywa dizeli ikiwa nzima na hunywa ikiwa mbovu. Huvuta plau leo, na kesho pete za pistoni zikawa zimekwisha bila dereva kupata ishara yoyote. Na trekta la Massey la miaka ya 1960 au 1970, kama lile la aina ya 135 ambalo bado lipo kazini Afrika Mashariki, limepita kwa mafundi wengi kiasi kwamba hakuna mtu mmoja anayelijua lote. Anayelifananisha na ng'ombe ana hoja. Hata hivyo kuna tofauti ambayo haiwezi kurukwa, nayo ni kwamba ng'ombe akipasuliwa ili ajulikane ndani mwake hufa, ilhali injini hufunguliwa, ikatazamwa, ikafungwa tena. Aibu ya ndani ya mnyama imefichwa na maumbile, lakini aibu ya ndani ya mashine imefichwa na gharama ya fundi na uvivu wa kungoja. Kwa msingi huo yaelekea ni sawa zaidi kuliweka trekta pamoja na bidhaa nyingine, ambazo kwazo kauli ya kama lilivyo haimwokoi muuzaji. Na hata anayechagua njia nyepesi zaidi, akalihesabu trekta kuwa mnyama, hawezi kuikwepa sehemu ya mwisho ya sharti, yaani kutokujua.

Sehemu hiyo ndiyo iliyoamuliwa katika kesi ya kale iliyopokewa katika Muwatta ya Imamu Malik. Abdullahi bin Umar alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa aibu. Mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa ana maradhi ambayo hakuambiwa. Na Khalifa Uthman akamtaka muuzaji aape kwamba alipouza hakujua maradhi hayo. Ibn Umar alikataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake, na baadaye akamuuza kwa dirhamu 1,500. Inauma kwamba kanuni ya uadilifu sokoni ilinolewa juu ya mwili wa binadamu aliyeuzwa, na Pwani hii, ambayo ilishuhudia masoko ya namna hiyo, haina ruhusa ya kulisoma simulizi hilo bila kusita. Lakini hoja iliyomo inabaki, kwamba mkataba ulikuwa na kifungu cha kujitoa na bado hakimu alikwenda moja kwa moja kwenye yale aliyoyajua muuzaji moyoni.

Wanafalsafa wa Kiyunani waliufikia mvutano huohuo kwa njia nyingine. Cicero, aliyeandika juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, anaeleza ubishi wa Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater kuhusu anayeuza nyumba mbovu: Diogenes alishika kwamba kunyamaza si kuficha, na kwamba muuzaji hana deni la kusema kila lenye manufaa kwa mnunuzi, ilhali Antipater alishika kwamba kumwacha mtu akimbilie hasara kwa kutojua ni kama kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, ambayo chimbuko lake ni sheria ya Kiingereza, iko karibu zaidi na Diogenes, kwa sababu inaanzia kwenye msingi kwamba hakuna dhamana ya ubora isiyotamkwa, kisha inaweka vighairi vyake, na inamnyima mnunuzi aliyekagua haki ya kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Mahakama za Kadhi nazo, kwa Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, zina mamlaka katika mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi, wala si katika mauzo ya trekta. Basi hiari ya aibu, katika Likoni ya leo, imebaki kuwa sheria ya dhamiri isiyo na karani wala askari, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo inayompima mtu.

Mnunuzi naye hakuachwa bila wajibu. Katika kauli yenye nguvu ya Mashafi, kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi, na sababu ni gharari, yaani hatari inayotokana na kutojulikana kwa kinachouzwa. Wanaonunua trekta lililo ng'ambo kwa kutazama picha katika simu, wakangoja lishushwe bandarini Kilindini, wanapaswa kulitafakari hilo. Historia ya kanda hii ina ushahidi mzito. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi wa karanga Tanganyika mwaka 1947, ikikusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo yakanunuliwa yaliyobaki katika maghala ya vita, mengine kutoka Ufilipino, yakapelekwa Kongwa kung'oa msitu wa miiba na mibuyu katika udongo unaokauka ukawa kama matofali. Kabla ya mwaka huo kwisha sehemu kubwa ya mashine hizo ilikuwa imeharibika, na mradi ulipoachwa mwaka 1951 ulikuwa umemeza takriban pauni milioni 36. Si chuma peke yake kilichouvunja mradi ule. Walionunua hawakuijua mashine, na hawakuujua mti.

Kukagua, kwa hiyo, ni sehemu ya adabu ya mkataba, na adabu hapa si upole wa ulimi bali ni kukipa kila kitu haki yake. Mwenye shamba la miti huenda asubuhi injini ikiwa baridi, akatazama moshi, kwa kuwa moshi wa buluu usiokoma ni dalili ya oili kuungua. Akafungua kifuniko cha oili, maana rangi ya maziwa humwambia kwamba maji yamepenya. Akainua jembe kwa haidroliki, akazima injini, akangoja aone kama litashuka lenyewe. Akainama chini kuangalia kama tumbo la trekta limekwanguliwa na visiki, na kama pembeni mwa matairi kuna mikato ya mizizi. Muuzaji asiyejua ufundi, kama mjane aliyerithi trekta la mumewe, hatakiwi kuyajua hayo yote. Anachodaiwa ni kusema kwamba hajui, na kumwacha fundi wa mnunuzi afungue.

Lakini kuna mtu wa tatu ambaye vitabu vya mauzo humtaja kwa nadra, naye ni dereva. Hiari ya aibu ni mali ya mnunuzi, na mnunuzi anaweza kuisamehe. Anaweza kusema kwamba breki za upande mmoja hazimsumbui mradi bei ipungue. Aliyesamehe, hata hivyo, mara nyingi si yeye atakayekaa kwenye siti. Katika ardhi ya miti mnyororo ukifungwa juu ya ekseli ya nyuma badala ya ndoano ya chini, na kisiki kikakataa kung'oka, nguvu ya injini huinyanyua pua ya trekta, nalo hupinduka kinyumenyume juu ya dereva kabla hajawahi kukanyaga klachi. Uswidi iliamuru mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na fremu ya kumkinga dereva linapopinduka. Matrekta mengi makuukuu hayakuwahi kuwa nayo, na mengine yalikatwa fremu yapate kupita chini ya matawi. Torati, katika kitabu cha Kutoka, inamtofautisha mwenye ng'ombe aliyeua ghafla na yule aliyekwisha kuonywa kwamba ng'ombe wake ana tabia ya kupiga pembe, na huyu wa pili hubeba damu. Muislamu na Mkristo wa Shika Adabu wanakutana hapo bila kubishana: punguzo la bei haliwezi kununua shingo ya kijana aliyeajiriwa kwa kibarua cha siku, na aibu inayoua haimo katika yale ambayo muuzaji na mnunuzi wanaweza kusameheana wao kwa wao.

Inabaki hali ya mnunuzi anayegundua aibu siku ya tatu, trekta likiwa tayari shambani. Wanazuoni wa Shafi wanasema kwamba kurudisha ni kwa haraka, na kwamba kukitumia kitu baada ya kuijua kasoro yake huiondoa haki ya kukirudisha, kwa kuwa kutumia ni kuridhia. Na kama kimepata kasoro mpya mikononi mwake, kwa mfano akakivunja kwenye kisiki, hawezi kumlazimisha muuzaji akipokee, bali hulipwa fidia ya kiasi kilichopungua kwa ile aibu ya zamani. Wamemwachia udhuru mmoja mwenye mnyama mkaidi asiyeweza kuswagwa wala kuvutwa kwa kamba, kwamba anaweza kumpanda ili amrudishe. Trekta nalo halivutwi kwa kamba. Basi mnunuzi huyo atalitoa chini ya mikorosho bila kulima hata tuta moja, alirudishe barabarani kuelekea Likoni, na mwendo huo hautahesabiwa kuwa matumizi.