Kompyuta Imekula!



Mpendwa kijana, baada ya miaka mitatu ya falsafa nimetumwa shuleni kwa mwaka wa uchungaji. Nikapewa kufundisha TEHAMA Darasa la Tano: watoto 46, kompyuta 11. Wiki ya kwanza tulijifunza kushika kipanya tu. Baadaye wakaanza kuandika barua kwa bibi na babu zao, kwa kidole kimoja, herufi moja inatafutwa kwenye kibodi mpaka ipatikane. Kazi ya wiki tatu nzima.

Jioni moja nilikuwa nasafisha mashine huku nawahi Masifu ya Jioni. Nikafuta folda bila kuangalia, na pipa la taka nalo nikalimwaga. Barua zote zilikuwa humo.

Kesho yake nikawaambia, "Jamani, kompyuta imekula barua zenu." Wakaguna. Kisha mmoja akasema, "Pole, Frateri." Yaani mimi ndiye niliyepewa pole!

Siku chache baadaye mvulana mmoja alivuta waya kwa mguu, mashine ikazima, kazi ya wenzake ikapotea. Nilimwona kwa macho yangu. Nikamuuliza nini kimetokea. Akajibu bila kupepesa, "Frateri, kompyuta imejizima." Nikafungua mdomo nimkaripie, neno likakwama. Mwalimu wake wa somo hilo nilikuwa mimi.

Usiku nilijitetea. Si uongo mdogo tu? Umemdhuru nani? Na watoto wanahitaji kumwamini mwalimu, sasa nikijishusha watanisikiliza tena? Lakini hoja hii inajivunja yenyewe. Kama wananiamini kwa sababu nimewaficha ukweli, basi hawaniamini mimi. Wanamwamini mtu niliyemtunga.

Mt. Thomas wa Akwino anafundisha kwamba tendo ni la kibinadamu kweli pale linapotoka katika akili na utashi wa mtu. Kompyuta haina utashi. Haiwezi kutenda dhambi wala kutubu, kwa hiyo ni mahali pazuri sana pa kujificha. Hata lugha yetu inatupa kichaka: glasi imevunjika, hela imepotea, meseji imejituma, faili limejifuta. Sikiliza vizuri, mtendaji hayupo! Adamu alimsukumia Eva, Eva akamsukumia nyoka. Sisi tuna simu na programu.

Nilikwenda kuungama. Nilidhani yameisha, maana Mungu amesamehe. Lakini Katekisimu, namba 2487, inafundisha kwamba aliyekosa dhidi ya haki na ukweli ana wajibu wa kufidia, hata kama amekwisha kusamehewa. Ondoleo nilipewa kanisani, deni lilikuwa bado darasani.

Jumatatu nikasimama mbele yao. "Kompyuta haikula barua. Nilizifuta mimi kwa haraka yangu, kisha nikawadanganya. Naomba mnisamehe." Kimya. Mvulana wa waya akainama. Sikumtaja, wala sijui kama siku moja atasema lake.

Binti mmoja akanyosha mkono. "Kwa hiyo Frateri, ya bibi naandika upya?" Nikamjibu ndiyo, na kwamba nitabaki nao kila siku baada ya vipindi mpaka wote wamalize. Akaandika. Alipomaliza akaisoma, akaniangalia, akasema, "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi."

Namwamini. Kusema ukweli hakukuirudisha barua ile. Kulinirudisha mimi tu mahali pangu, pale ambapo mtoto anaweza kuniambia ukweli usoni bila kuogopa.

Rafiki, leo kabla ya kulala jiulize: ni jambo gani unalosema "limetokea", kumbe umelitenda wewe? Na nani bado anakupa pole usiyostahili?

Tusali: Ee Yesu, uliye Njia, Ukweli na Uzima, utupe ujasiri wa kusema "ni mimi". Amina.