Kama Tungalikuwapo Sisi



Katika mji wa Praha, nchi ya Ucheki, upo uwanja wa kale ambao wageni wengi huuzuru. Kila saa watu hukusanyika chini ya mnara wa saa iliyotengenezwa mwaka 1410, wakitazama sanamu za Mitume zikipita dirishani. Wakiisha kufurahi, huenda zao. Lakini karibu na mnara huo, chini kabisa, mna misalaba 27 iliyochorwa kwa mawe. Ni ukumbusho wa viongozi 27, karibu wote Waprotestanti, waliouawa pale tarehe 21 Juni, 1621, kwa kuwa walimwasi Kaisari Ferdinand wa Pili.

Tena uwanjani imesimama sanamu ya Jan Hus, padre aliyewahubiri watu kwa lugha yao, na kujifunza mengi katika maandiko ya Mwingereza John Wycliffe. Aliitwa mbele ya Baraza la Kanisa huko Konstanz, naye alikuwa ameahidiwa usalama. Akachomwa moto tarehe 6 Julai, 1415. Sanamu yake ilizinduliwa mwaka 1915, ilipotimia miaka 500.

Ni nani asimamaye mbele yake asiseme moyoni, "Kama tungalikuwapo sisi, tusingalimchoma"? Hapo ndipo pa kujihadhari. Bwana wetu aliwakemea watu waliopamba makaburi ya manabii huku wakijitenga na dhambi ya baba zao. Kupamba makaburi si kosa. Kosa ni kudhani kwamba kumheshimu aliyeonewa zamani kwatufanya sisi kuwa wenye haki leo.

Uwanja wenyewe watuonyesha jambo hili. Hatua chache kutoka kwa Hus palikuwa na nguzo ya Bikira Maria, iliyosimamishwa mwaka 1650 kwa kushukuru kwamba mji uliokoka mikononi mwa majeshi ya Uswidi mwaka 1648. Wengine waliiona kuwa alama ya utawala uliowaonea. Tarehe 3 Novemba, 1918, siku chache baada ya Chekoslovakia kupata uhuru, umati ukaiangusha. Uchungu wao ulikuwa wa kweli. Hata hivyo waliangusha mahali pa sala pa jirani zao, tena mbele ya macho ya Hus!

Mwaka 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili alitamka majuto yake kwa kifo cha kikatili cha Hus. Mwaka 2020, baada ya mabishano mengi, nguzo ilisimamishwa tena. Leo vyote viwili vipo katika uwanja mmoja.

Basi tusijiulize tungalifanya nini mwaka 1415, maana swali hilo halitugharimu kitu. Tujiulize tunamtendeaje leo ndugu anayetupinga katika halmashauri ya mtaa wetu, au jirani asaliye tofauti na sisi. Je, twamsikiliza mpaka mwisho, au hukumu yake tumekwisha kuitoa kabla hajafungua kinywa? Jibu la swali hili ndilo litakaloonyesha kama tungalibeba kuni.